Baba Iskanda na Mama Mmoja wa Mwaloni

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Nilikwenda Ikola kuandika habari. Mitumbwi imelala mchangani, karabai zimewekwa ndani, chanja za kuanikia dagaa tupu. Niliongea na watu wengi, kisha nikaandika kama tunavyoandika sisi waandishi: kiongozi kwa jina lake na cheo chake, mvuvi mmoja "aliyeomba jina lake lihifadhiwe", kwa sababu alikiri kwamba usiku alikuwa anaingia ziwani kwa kujiiba, na "mama mmoja mchuuzi wa dagaa".

Ziwa lilipofunguliwa nilirudi. Yule mama alikuwa ameshasomewa habari yangu na mjukuu wake kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi yule mkubwa uliyemwandika ana jina. Mimi nikawa mama mmoja. Kwani mimi niliongea usingizini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma Injili kwa jicho jingine. Siwatazami Petro na Yohana. Hao wana makanisa yao. Nawatazama watu wanaopita kwenye mstari mmoja au miwili halafu basi, lakini wametajwa kwa jina. Yesu aliponya vipofu, wakoma, mama aliyetokwa damu miaka 12, na karibu wote hawana jina. Halafu ghafla, pale Yeriko, kipofu mmoja anaitwa Bartimayo. Kwa nini yeye?

Mfano ulionikamata zaidi ni Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo na wenye Wayahudi wengi. Askari wa Kirumi wanamshika njiani, wanambebesha msalaba. Matayo na Luka wanaishia hapo. Marko peke yake anaongeza kwamba Simoni huyo ni baba yao Iskanda na Rufo. Watoto wenyewe hawafanyi lolote. Hawasemi neno, wala hawaonekani tena katika kitabu chake.

Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya jambo hili, lakini mtu wa Ikola halimpi shida. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake: Baba fulani, Mama fulani. Ukinitajia "Baba fulani", maana yake huyo mtoto namjua. Kama simjui, umenitajia bure. Basi Marko alipoandika hivyo, aliwaandikia watu waliowafahamu hao vijana. Alikuwa anawaambia: yule mzee aliyebeba msalaba ndiye Baba Iskanda. Matayo na Luka, ambao wasomi wengi wanakubali kwamba walikuwa na kitabu cha Marko mbele yao, waliwaandikia watu wengine, mahali pengine. Kwa wasomaji wao majina hayo hayakuwa na mtu nyuma yake, wakayaacha.

Paulo, mwishoni mwa waraka wake kwa Warumi, anamsalimu Rufo na mama yake. Inavutia kusema ni huyo huyo, na huenda ndiye. Lakini Rufo lilikuwa jina la kawaida. Vilevile mwaka 1941 mwanaakiolojia Eleazar Sukenik alifukua kaburi katika bonde la Kidroni, Yerusalemu, lililokuwa na sanduku la mifupa lenye jina la Aleksanda mwana wa Simoni, na dalili za kuhusiana na Kirene. Ugunduzi huo ulichapishwa na Nahman Avigad mwaka 1962. Hapo pia moyo unaruka, lakini Simoni ndilo lililokuwa jina la kiume lililoenea kuliko yote kwa Wayahudi wa Palestina wakati ule. Mwandishi wa habari mwenye adabu angeandika "huenda" na kuishia hapo.

Kuna upande wa pili, na una nguvu. Mjerumani Rudolf Bultmann aliona kwamba hadithi ikisimuliwa sana huwa inaota majina. Mifano ipo tele. Wale wahalifu wawili waliosulubiwa hawana majina katika Injili. Baadaye wakaitwa Dismas na Gestas. Askari mwenye mkuki akawa Longinus. Mamajusi, ambao Matayo hasemi hata idadi yao, wakawa watatu wenye majina kamili. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Linaweza kuwa pambo, kama msimuliaji anavyoongeza chumvi mchuzi ukipoa.

Lakini ndani ya Injili zenyewe mambo hayaendi upande mmoja. Bartimayo ana jina kwa Marko. Kwa Luka amekuwa kipofu tu, na kwa Matayo ni vipofu wawili wasio na majina. Yairo ana jina kwa Marko na Luka. Kwa Matayo ni mkuu fulani. Hapo majina yanapungua badala ya kuongezeka. Mwingereza Richard Bauckham, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu mashahidi wa macho, anaeleza kwamba wengi wa watu hawa wadogo walijiunga na jumuiya za kwanza na kuendelea kusimulia wenyewe yaliyowapata. Jina lilibaki mradi mwenyewe, au waliomjua, walikuwepo.

Halafu kuna Malko. Injili zote nne zinasimulia kwamba usiku wa kukamatwa Yesu, mtumwa wa kuhani mkuu alikatwa sikio. Marko hasemi aliyekata ni nani wala aliyekatwa ni nani. Yohana anawataja wote wawili: Petro na Malko. Mjerumani mwingine, Gerd Theissen, alipendekeza kwamba Marko alinyamaza kwa makusudi: habari hiyo ilianza kusimuliwa Yerusalemu wakati wahusika bado wako hai, na aliyemjeruhi mtumishi wa kuhani mkuu angeweza kutafutwa. Yohana aliandika miaka mingi baadaye, wakati Petro ameshakufa na hatari imepita.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mvuvi wangu wa usiku. Naye pia alikuwa "mmoja wao". Siku moja, wakati hakuna tena wa kumkamata, labda wajukuu wake watamtaja kwa fahari.

Mtu atasema Yohana alichelewa mno kulijua jina la mtumwa. Sina uhakika. Yohana huyo huyo anajua kwamba aliyembana Petro pale uani alikuwa jamaa ya Malko. Anajua ukoo. Na kuhusu kuchelewa, hebu tupige hesabu za hapa kwetu. Karema, jirani na Ikola, aliishi Adriano Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule sasa anakaribia themanini. Kutoka kifo cha Atiman hadi leo ni karibu miaka 70. Kutoka kusulubiwa kwa Yesu hadi Injili ya Yohana, kwa makadirio ya wasomi wengi, ni miaka 60 au 70. Ni mbali, lakini si mbali kiasi cha kukosa mtu wa kuuliza. Baada ya hapo ndipo wenye kujua wanapoisha, na kinachobaki ni kile kilichoandikwa.

Atiman ana jina. Wagonjwa aliowatibu kwa zaidi ya miaka 60, wengi wao, ni "mama mmoja" na "mzee mmoja".

Siku ile mwaloni nilimwomba yule mama msamaha, nikamuuliza niandike jina gani. Hakunipa la ubatizo wala la baba yake. Alinitajia la mwanawe wa kwanza, nimwandike kama Mama yake, "ndivyo watu wanavyonijua." Nililiandika kwenye daftari, nikamsomea, akanisahihisha herufi moja.

Hapa silitaji. Alinipa kwa ajili ya gazeti, na mtandao ni mwalo mwingine wenye watu asiowajua. Nikirudi Ikola nitamuuliza tena.