Habari za Gravelbourg, Mji wa Wakulima Waliotunza Lugha Yao

Katika mwaka huu wa yubilei twahesabu kwa furaha miaka ya jimbo letu. Lakini lipo jimbo moja ng'ambo ya bahari ambalo halihesabu miaka tena, kwa kuwa limekwisha kufutwa. Na habari zake twaona zafaa kusomwa na Wakristu wetu. Ni jimbo la Gravelbourg, katika nchi ya Kanada.

Gravelbourg ni mji mdogo wa wakulima, upande wa kusini wa mkoa wa Saskatchewan. Nchi ile ni tambarare, upepo huvuma bila kizuizi, na majira ya baridi ni marefu na makali. Mwaka 1906 walifika huko walowezi wa kwanza wakiongozwa na Padre Louis-Pierre Gravel, ambaye mji uliitwa kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kuwaita watu wasemao Kifaransa waje kulima. Wakaja kutoka Quebec na Marekani, na wengine kutoka Ulaya, wakapanda ngano.

Hawakukawia kujenga. Mwaka 1918 Askofu Mkuu Olivier-Elzéar Mathieu wa Regina alianzisha koleji iliyochukua jina lake. Mwaka ule ule likaanza kujengwa kanisa kubwa la matofali lenye minara miwili, likamalizika mwaka 1919. Padre Charles Maillard, mzaliwa wa Ufaransa, akalipamba ndani kwa picha alizozichora mwenyewe, kazi ya miaka kumi, tangu 1921 hata 1931. Mwaka 1930 Baba Mtakatifu Pius XI aliufanya mji ule makao ya askofu. Askofu wa kwanza, Rodrigue Villeneuve, alikaa muda mfupi tu. Akahamishwa Quebec, na mwaka 1933 akawa kardinali.

Mtu aliyeyatazama majengo yale angalisema ya kuwa watu wale wamekwisha kuwa salama. Kumbe hatari ilikuwa shuleni. Mwaka 1918 serikali ya mkoa iliweka sheria kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Kifaransa kiliachiwa darasa la kwanza, na kwa madarasa mengine saa moja tu kwa siku. Mwaka 1930 ikakataza mavazi ya kitawa na alama za dini katika shule za serikali. Mwaka 1931 ikaondoa hata ile ruhusa ya darasa la kwanza. Miaka ile ile ukame ukaingia, udongo ukapeperushwa, mavuno yakakosekana, na watu wengi wakauhama mkoa.

Ikabaki saa moja ya shule, na nyumba. Saa ile ikatunzwa kama moto unaofunikwa majivu usiku. Chama cha Wakatoliki wasemao Kifaransa, kilichoanzishwa mwaka 1912, kikawaandalia watoto mitihani ya lugha yao. Mwaka 1968 sheria ikabadilishwa, Kifaransa kikaruhusiwa tena kufundishia; na mwaka 1993 wakapewa haki ya kusimamia shule zao wenyewe. Lakini katika muda ule mrefu watoto wengi wa mkoa walikuwa wamekwisha kuhamia Kiingereza. Hasara hiyo haikurudi.

Mwaka 1998 jimbo likafutwa, na parokia zake zikaunganishwa na majimbo jirani. Mji wenyewe una watu wapatao elfu moja tu. Kanisa lasimama bado, na Kifaransa chasikika bado.

Basi tazameni: cheo cha jimbo kilidumu miaka 68, kikaondoka, lugha iliyofika kabla yake ingali ipo, kwa sababu wazazi hawakuiachia shule peke yake. Nasi tunaojenga kwa mawe, tusikose kuwafundisha watoto wetu nyumbani sala na hadithi za wazee kwa lugha za mama zetu. Kazi hiyo haingoji ruhusa ya mtu.