Kompyuta inapokwambia ngoja: foleni ya vifurushi katika Ubuntu na Debian

Kompyuta kuukuu ikishindwa kubeba Windows mpya, mafundi wengi huiwekea Ubuntu, Linux Mint au Debian yenyewe. Mwenye kuinunua haoni tatizo mpaka siku anapotaka kuongeza programu, na skrini ikamjibu kwamba kufuli imeshikwa na mwingine, ama kifurushi fulani chataka kingine ambacho hakipo. Hapo ndipo watu huharibu. Mmoja huizima kwa kitufe, mwingine hunakili amri ya kwanza aliyoikuta mtandaoni, na kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi huwa haiwaki jioni, na kazi za mwanafunzi zimo ndani. Makala haya yaeleza foleni hiyo inavyokwenda na namna ya kuisimamia.

Kifurushi hapa si bando la intaneti. Ni faili moja, jina lake likiishia .deb, iliyobeba programu pamoja na maelezo yake: jina, toleo, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Wengi huviita vitegemezi; mimi naona vitegemewa ndilo neno sahihi, kwa kuwa wao ndio wanaoegemewa. VLC, kwa mfano, haijui peke yake kusoma kila aina ya video. Yaegemea maktaba ambazo programu nyingine nazo huzitumia, na nakala moja ya maktaba yawatosha wote. Faida yake ni kwamba maktaba ikiwa na kasoro ya usalama, huzibwa mahali pamoja. Hasara ni kwamba ukiomba kitu kimoja huja na jamaa zake.

Kazi yenyewe wamegawana wawili. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na chombo chake cha chini ni dpkg, ambacho hufungua vifurushi na kuvipanga ndani ya diski. Juu yake yuko apt, aliyeingia katika Debian 2.1 mwaka 1999. Huyu hupiga hesabu: nini chahitajika, kitoke seva gani, na nani atangulie. Ubuntu ilipotoka mwaka 2004 iliwarithi wote wawili.

Kila kifurushi hupita hatua mbili, kufunguliwa na kusanidiwa. Kufunguliwa ni faili kuwekwa mahali pake. Kusanidiwa ni programu kuandaliwa hata iweze kuanza kazi. Kifurushi chaweza kufunguliwa kabla ya kitegemewa chake kuwa tayari, lakini hakisanidiwi mpaka kitegemewa kiwe kimesanidiwa. Kuna vichache vyenye sharti kali zaidi: hata kufunguliwa havifunguliwi mpaka wale wa mbele yao wamalize kabisa. Na mara nyingine viwili hutegemeana, kila mmoja akimngoja mwenziwe, na dpkg hulazimika kuuvunja mzunguko huo kwa kumchagua wa kuanza. Kwa hivyo ukiona majina yakipita kwa mpangilio usioeleweka, usidhani kompyuta imechanganyikiwa.

Sasa tuje kwenye kufuli, maana ndiyo yenye balaa zaidi. dpkg huandika hali ya kila kifurushi katika daftari moja, faili ya /var/lib/dpkg/status. Wawili wakiliandika kwa wakati mmoja litaharibika, kwa hivyo anayeingia kwanza hushika kufuli na wengine hungoja nje. Ubuntu ina mtumishi wa kimyakimya, unattended-upgrades, anayeleta masasisho ya usalama bila ya kuulizwa. Mara nyingi ndiye aliyeishika, hasa kompyuta ikiwa imewashwa baada ya kulala siku kadhaa. Katika matoleo ya sasa ujumbe wenyewe hukutajia jina la aliyeishika na namba yake.

Mtandaoni utashauriwa uifute faili ya kufuli kwa amri ya rm. Usifanye hivyo. Faili ile ipo daima, hata wakati hakuna anayesakinisha kitu. Kinachohesabika ni kama kuna programu iliyo hai inayoishika. Programu hiyo ikifa, mfumo huiachilia kufuli wenyewe. Maana yake, ukiambiwa imeshikwa, yuko mtu ndani. Ukizifuta faili za kufuli, wa ndani ataendelea kushikilia ile ya zamani, wewe utatengenezewa mpya, na nyote wawili mtakuwa mwaliandika daftari lile lile.

Ngoja dakika kumi. Kama huna subira ya kurudia amri kila mara, iambie apt ingoje kwa niaba yako:

sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=600 install vlc

Namba hiyo ni sekunde. Ikipita nusu saa bila mabadiliko, tazama kama kuna dirisha jingine ulilolisahau ambalo lakungoja ujibu swali. Hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Kuiua programu kwa namba yake kuwe ni jambo la mwisho, na iwe kwa kill ya kawaida, isiyo na -9.

Stima ikipotea katikati, foleni hukatika na baadhi ya vifurushi hubaki vimefunguliwa lakini havijasanidiwa. Kwa kawaida haliwi jambo la kuifuta kompyuta yote na kuanza upya, ingawa wako mafundi watakaokutoza pesa kwa hilo. Amri mbili, kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza humalizia waliokwama katika foleni. Ya pili huwatafuta vitegemewa waliokosekana. Daftari likiwa limeharibika, nakala zake za siku zilizopita huwa katika /var/backups. Ila kiini cha mfumo kikiwa chabadilishwa wakati ule, huenda kompyuta ikakataa kuwaka. Kwa hivyo sasisho kubwa lifanywe laptopu ikiwa na chaji ya kutosha, si betri iliyochoka inayotegemea waya.

Kabla ya kukubali chochote, soma orodha. Amri ya apt install -s vlc huigiza kazi yote bila ya kugusa kitu, nayo hukuonyesha wanaokuja na wanaoondolewa. Orodha ya wanaoondolewa ndiyo ya kusomwa mara mbili. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa video za kompyuta, alitaka kusakinisha Steam katika Pop!_OS, ndugu wa Ubuntu. Kwa kasoro ya vitegemewa, apt alipendekeza kuondoa mazingira yote ya skrini, akaonya, akataka aandike sentensi nzima ya kukubali. Aliandika, na skrini ikabaki maandishi matupu. Baada ya kisa hicho waundaji wa apt walifanya iwe vigumu zaidi kupita hapo.

Faili ya .deb uliyoipakua mwenyewe usiisakinishe kwa dpkg -i, kwa sababu dpkg hajui kwenda kutafuta vitegemewa. Atakwama na kukuachia kazi nusu. Andika sudo apt install ./jina.deb, na ile nukta na mkwaju mbele visisahaulike.

Limebaki suala la bando. Kabla ya kuanza, apt hukutajia ukubwa wa vitakavyopakuliwa. Ukiona ni vingi mno, ongeza --no-install-recommends, nacho kitaacha vile vinavyopendekezwa tu na kuleta vya lazima. Ukiwa na bando la usiku, tumia -d: vifurushi vitapakuliwa na kuwekwa katika /var/cache/apt/archives, kisha asubuhi uvisakinishe bila intaneti. Upakuaji ukikatika, rudia amri ile ile. Kwa kawaida huendelea pale ulipoishia.

Kwa shule au madrasa yenye kompyuta kumi katika chumba kimoja, hakuna haja ya kupakua kifurushi kimoja mara kumi. Programu ya apt-cacher-ng huwekwa katika kompyuta moja, na nyingine huelekezwa kwake kupitia mlango wa 3142. Ya kwanza kuomba hulipia bando, na tisa zilizobaki huchukua nakala iliyokwisha kuhifadhiwa hapo hapo chumbani.