Sauti iliyokosekana kwenye kibodi yangu

Ramadhani iliyopita nilinunua kibodi ya mtumba, vitufe 61, kimoja kinakwama ukikibonyeza kwa nguvu. Nikaipandisha juu ya meza ya cherehani ya nyanya, hapa nyumbani Kibokoni, nikapakua programu kwenye simu, nikajiapiza kwamba sitamlipa mtu hata shilingi moja anifundishe. Nina miaka 24. Watoto wa masonko huanza piano wakiwa na miaka 6, na mwalimu anakuja mpaka mlangoni. Sisi wengine tuna bando na usiku baada ya tarawehe.

Na wallahi ilikuwa inaenda poa. Ile programu inakuonyesha kitufe kinawaka, unabonyeza, inakupongeza. Miezi mitatu nikawa nacheza vitu viwili vitatu vya kuwekea video, watu wanasema nina kipaji. Nikaanza hata kuwaambia marafiki kwamba mwalimu ni hasara, kila kitu kiko mtandaoni, kwani wazee wetu hapa Mji wa Kale nani aliwafundisha? Walijifunza wenyewe!

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imenileta hapa, kwa sababu niliisema sana na nilikuwa sijaichunguza.

Siku moja nyanya alikuwa anachambua mchele huku anavumisha wimbo wa harusi, wa zamani, wa kabla mamangu kuzaliwa. Nikasema ngoja niutafute. Nikapata mwanzo, nikafika mahali sauti inaposhuka, nikabonyeza.

"Siyo hiyo," akasema, hajainua hata macho.

Nikabonyeza cheusi cha pembeni.

"Wala hiyo. Iko baina."

"Baina wapi, nyanya? Hapa katikati hamna kitu."

"Basi hicho kinanda chako kibovu."

Nilicheka, halafu sikulala. Kwa sababu alikuwa sahihi. Piano na kibodi ya kawaida hugawanya sauti katika hatua 12, zote sawa, halafu zinarudia. Muziki wa Kiarabu, ambao taarab imechota humo, una sauti zinazoangukia katikati ya hizo hatua. Kuna maqamu inaitwa rast: sauti yake ya tatu, ukianzia C, haiko kwenye E wala kwenye E-flati, iko baina yao kama alivyosema bibi mwenye ungo wa mchele. Udi unaweza kuitoa kwa sababu shingo yake haina vizuizi, kidole kinasimama popote. Kanuni (ala ya nyuzi, siyo sheria za shule) ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha uzi. Kibodi yangu haina mlango wa kuingilia hapo. Kuna kibodi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Kiarabu zinazoruhusu kushusha sauti moja moja, lakini bei yake usiniulize.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo sauti nimeisikia maisha yangu yote. Iko kwenye adhana, iko kwenye visomo vya madrasa. Na miezi mitatu ya programu kunipongeza ilinifanya nisione kwamba haipo. Mwalimu angeniambia siku ya kwanza. Au siyo? Hapo ndipo nikaanza kusoma na kuuliza.

Tuanze na neno lenyewe. Leo ukisema kinanda watu wanafikiria piano au ile ya kanisani. Lakini huku pwani, Lamu na Mombasa, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ndugu mwembamba wa udi, kilichopigwa kwenye ngoma na harusi kabla jina taarab halijashika. Baadaye neno likabebeshwa kila kitu kilichotoa muziki, mpaka gramafoni. Kwa hiyo nyanya aliposema kinanda changu kibovu alikuwa na haki ya historia nyuma yake, hata kama yeye alikuwa anawaza mchele.

Sasa, ukiuliza nani alimfundisha nani, Unguja wana jibu lao tayari. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Misri akajifunze muziki. Akarudi na kanuni yake, akafunza wenzake. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya Akhwan Safaa, ambayo iko hadi leo. Yaani hapo mambo yana ukoo: mfalme, mwanafunzi, Cairo, klabu. Hata Siti binti Saad, ambaye watu hupenda kusimulia kama mwanamke aliyekuwa akitembeza vyungu akiwa na koo la ajabu tu, alipofika mjini alifunzwa na Muhsin Ali kabla ya kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, kautafuteni. Na tangu 2002 Unguja wana chuo kabisa cha muziki wa nchi za jahazi, madarasa na vyeti.

Nairobi nako kulikuwa na ukoo wake, wa aina nyingine: Conservatoire ilianzishwa 1944, muziki wa Kizungu, noti kwenye karatasi, mitihani ya ngazi ya 1 hadi ya 8. Nani aliruhusiwa kuketi mbele ya piano katika Kenya ya ukoloni, hilo unalijua bila mimi kukueleza.

Sisi Mombasa je? Sisi tuna taishokoto.

Kama hujawahi kuiona, chukua sanduku bapa refu, tandaza nyuzi juu yake, halafu weka safu ya vitufe vya taipureta. Kweli, taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza vitufe, kila kitufe kinakandamiza chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unachapa kwa kidonoo. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Morita Goro, mwaka wa kwanza wa enzi ya mfalme Taisho, ndiyo maana ya jina. Koto ni kinanda chao cha jadi. Lengo lilikuwa ala rahisi ambayo mtu wa kawaida anaweza kujifunza nyumbani, vitufe vina nambari juu yake. Yaani Wajapani walitengeneza programu ya simu kabla ya simu!

Ikafika India, wakaipa jina bulbul tarang, na kutoka huko ikavuka bahari ikafika kwetu. Hapa ikaunganishwa na umeme na kipaza sauti, ikawa na ule mlio mkali unaokata hewa ya harusi. Ukisikiliza kundi la Maulidi Juma, au albamu ya Zuhura Swaleh, Jino la Pembe, iliyotolewa London na GlobeStyle, utaisikia inakimbizana na sauti yake kama paka na mtoto. Huo ndio mlio wa Mombasa. Huwezi kuukosea na wa Unguja.

Na hebu tazama hili. Taishokoto ni ala ya vitufe, kama piano. Sauti ya baina haimo. Lakini mji huu wakati huo ulikuwa umelewa sinema za Kihindi. Juma Bhalo na Maulidi Juma walikuwa wanachukua mahadhi ya filamu na kuyavisha Kiswahili, na mahadhi mengi ya filamu yanakaa vizuri kwenye zile hatua 12. Kwa hiyo ala ikapata kazi inayoiweza. Upande wa pili alikuwepo Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu aliyefariki 2016, na udi wake, akizipiga zile sauti ambazo vitufe havizifikii. Mji mmoja, masikio mawili. Wote wakiuza kanda kwenye maduka yale yale, Mbwana Radio huku Mji wa Kale, Assanand kule mjini.

Nikajiambia basi, wapiga taishokoto ndio ushahidi wangu. Hawa hawakutumwa Cairo. Sijawahi kuona kitabu cha Kiswahili cha taishokoto. Hawa lazima walijifunza wenyewe.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja, sitamtaja, aliyewahi kupiga taishokoto kwenye harusi miaka hiyo. Mimi namwita ami tu, kama watoto wote wa hapa. Jioni huketi barazani na kikombe cha kahawa chungu. Nikamwendea nikamwamkia, nikamuuliza moja kwa moja: ami, nani alikufunza?

"Hakuna alonifunza. Nalijifunza mwenyewe."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikatoa simu nirekodi. Nikasema nieleze basi, ulianzaje?

Akaeleza. Alianza akiwa na miaka 13 kwa kubeba betri ya kipaza sauti, kwa sababu nyumba nyingine hazikuwa na umeme wa kutegemewa. Miaka miwili alikuwa mbebaji. Kisha akaruhusiwa kufungua sanduku na kufuta vumbi. Kisha kukaza nyuzi, na mpigaji mkubwa akishika sikio lake na kulivuta kila uzi ulipopanda sana. Kisha kupiga wakati watu wanakula, hakuna anayesikiliza. Akikosea, mwimbaji anageuka anamtazama. Si kumsema, kumtazama tu. Wanawake waliokuwa upande wao wa harusi nao walikuwa wanajua, akikosea kesho yake wanamcheka anapokwenda kununua mkate wa mofa. Halafu usiku anarudi nyumbani anasaka wimbo peke yake gizani, ameziba ala kwa kanga asiwaamshe watu.

Nikamwambia: ami, sasa huyo aliyekuvuta sikio si mwalimu?

Akafikiri. "Yule hakuwa akifundisha. Alikuwa akipiga."

Nimeisikiliza hiyo rekodi mara nyingi. Sisi wa kizazi hiki tukisema mtu alijifunza mwenyewe, tunaona kijana mmoja, chumba kimoja, skrini moja. Yeye akisema hivyo hivyo anamaanisha kwamba hakuna aliyemketisha chini akamwambia hii ni C. Lakini mtaa mzima ulikuwa unamsahihisha. Alikuwa na sikio lililovutwa. Mimi nina programu inayowasha kitufe na kunipongeza, na haijui kwamba wimbo wa nyanya upo duniani.

Kwa upande mwingine nisijifanye mtakatifu wa walimu. Nilijaribu mwalimu, wiki sita, mtu wa vitabu vya ngazi. Mikono yangu ilinyooka, nakiri, nilikuwa nabonyeza kama napiga chapa barua. Lakini nilipomuuliza kuhusu sauti ya baina aliniambia hiyo ni kutokuwa na sikio zuri, nikaze mazoezi. Nikamlipa nikaondoka. Wote wawili, programu na mwalimu, walikuwa na ramani moja na Kibokoni haikuwemo.

Na muda unakwenda. Tangu miaka ya 1990, East African Melody na wenzao wa taarab ya kisasa walipokuja, kibodi imemeza karibu kila kitu: inatoa mlio wa fidla, wa akordioni, wa ngoma, mtu mmoja anabeba bendi nzima begani. Sina ugomvi nayo, harusi ya dada yangu tulicheza hizo hizo mpaka alfajiri. Lakini bendi ikiwa mtu mmoja, hakuna betri ya kubebwa na mtoto wa miaka 13. Ile nafasi ya kusimama pembeni miaka miwili huku masikio yako wazi imeondoka, na hakuna aliyeitangaza kwamba inaondoka.

Ami ana umri wa miaka sabini na kitu na sikio la kushoto limeanza kumkimbia. Taishokoto yake iko juu ya kabati, imefunikwa leso, springi nne zimekatika. Wanawe wawili wako Dubai. Nilimuuliza kama naweza kuishusha. Akasema itakuangukia vumbi. Nikasema sijali. Akasema Alhamisi baada ya alasiri, na uje na spana ndogo.

Nimekwenda Alhamisi nne sasa. Sijapiga hata wimbo mmoja. Ya kwanza tulifuta kutu. Ya pili nilizunguka mjini kutafuta springi, nikapata kwa fundi wa redio pale Makadara, za kalamu za wino, zinafaa. Ya tatu na ya nne nilikaza nyuzi, yeye ameinama na sikio lake la kulia karibu kabisa na ubao, amefumba macho. Nikipitisha ananigonga goti. Sijui jina la sauti ninayoitafuta, hajanitajia hata moja. Nyanya akasikia kutoka dirishani siku ya nne, akapiga kelele kwa jirani kwamba hiyo sasa imekaribia.

Ile sauti ya baina bado haimo, kwa taishokoto pia ni vitufe. Nilimuuliza ami walikuwa wanafanyaje wimbo ukiwa nayo. Akashika uzi kwa kidole cha kushoto, upande wa nyuma ya vitufe mahali ambapo huruhusiwi kugusa, akauvuta kidogo. Ikatoka.

"Alikuonyesha nani?" nikamuuliza.

"Nalimuona," akasema, na akaniambia Alhamisi nije na betri.