Jino Linalozibwa Bila Umeme

Ukitoka Arua kwenda Koboko leo unakanyaga lami hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Wengi huifuata barabara hii kwa ajili ya biashara. Mimi niliifuata nikiuliza jambo moja: watu wa huku wameyatendaje meno yao, tangu kabla ya hospitali hadi zama hizi za leza?

West Nile, mkoa wenye Arua na Koboko, iliingia Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha mwa utawala wa Sudan. Enzi hizo, jino lililong'olewa kwa Walugbara, wenyeji wa huku, halikuwa lazima liwe bovu. Watoto waling'olewa meno ya mbele ya taya la chini, wakachanjwa usoni, na hizo zilikuwa alama za kukua. Aliyebaki na meno yote ndiye aliyeonekana na kasoro.

Kisha ikaja sukari. Wakoloni waliifanya West Nile kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kilugbara na Kialur walisafiri hadi Lugazi na Kakira kukata miwa, na mshahara ukarudi nyumbani pamoja na ladha ya chai tamu. Bakteria wa mdomoni huigeuza sukari kuwa asidi, na asidi hula jino kidogo kidogo hadi litoboke. Hapo kung'oa kukawa tiba, na chombo chake kikawa koleo. Kuziba jino kulihitaji mashine ya kuchonga, na mashine ilitaka umeme, maji na fundi. Huko vijijini, vitu hivyo vitatu vilikuwa adimu.

Jibu lilipatikana Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake waliiacha mashine. Walikwangua sehemu iliyooza kwa vijiko vidogo vya chuma, kisha wakajaza tundu kwa saruji ya meno. Baadaye ikatumika saruji ya glasi, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Unga wake huchanganywa na majimaji, ukashika jinoni wenyewe na kutoa floridi polepole. Mganga huikandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaanza kuinadi kote.

Kwa West Nile, mbinu hiyo ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chake. Kwa miaka mingi mkoa huu haukufikiwa na gridi ya taifa. Uliishi kwa jenereta, na tangu 2012 kwa bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mganga mwenye kisanduku cha vijiko na saruji angeweza kuziba jino chini ya mwembe wa shule.

Mbali na West Nile, leza ilikuwa na safari yake. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko California mwaka 1960, na miaka michache baadaye watafiti walikuwa wakiielekeza kwenye meno. Leza za mwanzo zilichoma mno. Iliyofaa ni ile inayotumia madini ya erbiamu, iliyoruhusiwa Marekani kwa kuchonga meno mwaka 1997. Mwale wake humezwa na maji yaliyomo jinoni, yakalipuka kwa chembechembe na kubandua sehemu iliyooza, huku sehemu nzima ikiguswa kidogo tu.

Hapo njia mbili zinakutana. Kijiko cha Dar es Salaam na mwale wa California vinafuata kanuni moja: ondoa kilichooza, acha kilicho kizima. Lakini leza huchimba tu. Tundu likishakuwa safi, bado linahitaji kujazwa. Wala haifai kuelekezwa kwenye jino lililozibwa kwa amalgamu, kwa kuwa nusu ya amalgamu ni zebaki, na joto huigeuza kuwa mvuke wenye sumu. Zebaki yenyewe inaondoka: Uganda ilijiunga na Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2019, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuzuia amalgamu, au kushauri isitumike, kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari wa meno anapoona ni lazima.

Saruji ya glasi nayo ina mipaka. Hudumu vizuri kwenye tundu dogo la upande mmoja, lakini huvunjika upesi kwenye pengo kubwa, na haiwezi kuliokoa jino lililooza hadi kwenye neva. Ndiyo maana koleo bado lina kazi nyingi: wagonjwa hufika maumivu yakishawanyima usingizi.

Kwa hiyo, katika njia ya Arua hadi Koboko, kuisubiri leza ni kukosea foleni. Mzazi akiona doa jeusi kwenye jino la mwanawe, ampeleke kituo cha afya kabla halijauma, na aulize kwanza: je, hili linaweza kuzibwa?