Kicheko na Kumbukumbu: Sikukuu ya Purimu katika Historia ya Wayahudi

Neno Purimu ni wingi wa puri, maana yake kura. Kitabu cha Esta chasimulia kwamba Hamani, waziri wa Ahasuero, mfalme wa Uajemi, alipigiwa kura apate kuijua siku ya kuwaangamiza Wayahudi katika majimbo yote 127. Malkia Esta na Mordekai, mlezi wake, waliitangua njama ile. Wanahistoria wengi huiona habari hii kuwa hadithi zaidi ya taarifa ya mambo yaliyotukia. Swali letu, hata hivyo, ni jingine: kwa nini hatari kubwa namna hii ikumbukwe kwa kicheko?

Jibu la kwanza limo katika simulizi lenyewe. Hamani, akidhani ya kuwa mfalme ataka kumtukuza yeye, alishauri mtukuzwa avikwe mavazi ya kifalme na kupandishwa farasi. Mara akaamriwa amtendee hayo Mordekai, adui yake. Mwishowe alitundikwa juu ya mti wa dhiraa 50 aliokuwa amemwekea huyo Mordekai. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jibu la pili limo katika desturi. Tarehe 14 ya mwezi wa Adari kitabu husomwa hadharani, na kila litajwapo jina la Hamani wasikilizaji hupiga kelele ili lisisikike. Watu hujigeuza sura kwa mavazi na vinyago. Wataalamu nao hawakusalimika: katika karne ya 14 Kalonymus ben Kalonymus alitunga huko Roma kitabu kinachoiga Talmudi kwa mzaha. Lakini furaha hiyo ina sheria zake. Ni wajibu kupelekeana vyakula na kuwapa maskini, asiwepo anayekosa karamu.

Jibu la tatu latoka Ujerumani. Mnamo Machi 1946, katika kambi ya Landsberg, Wayahudi waliookoka mauaji ya Wanazi waliiadhimisha Purimu kwa shangwe, baadhi yao wakijivika sura ya Hitler, katika mji uleule alimofungwa yeye mwaka 1924. Wengi wa waliocheka walikuwa wamepoteza jamaa zao. Safari hii hakuna Esta aliyewahi kufika. Walicheka wakijua hayo, na hapo ndipo tunapouona uzito wa sikukuu hii: mtesi aliyechekwa hadharani hawezi tena kutawala mioyo kwa hofu.