Shokapu za mbele na utulivu wa pikipiki katika barabara za Njombe na Makambako

MJI wa Makambako, mkoani Njombe, ni njia panda. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia pana kituo cha reli ya TAZARA.

Kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni takriban kilometa 60, na kadiri msafiri anavyosonga mbele ndivyo anavyopanda, hadi kuufikia mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kando ya lami hiyo zimetawanyika njia za udongo mwekundu ziendazo vijijini. Wakati wa kiangazi njia hizo huwa na mashimo na matuta madogo madogo yasiyokwisha. Wakati wa mvua hugeuka utelezi. Ni katika njia hizo pikipiki hubeba viazi mviringo, parachichi, mbao na abiria.

Katika mazingira hayo, gurudumu la mbele ndilo huamua kama safari itafika salama. Gurudumu hilo ndilo linaloongoza chombo, na dereva anapofunga breki ghafla, ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Pamoja na hayo, mara nyingi shokapu za mbele hukumbukwa pale tu zinapoanza kuvuja.

Kosa lililozoeleka ni kudhani kwamba shokapu ngumu ndiyo shokapu imara. Pikipiki inapoyumba, fundi huombwa "aikaze" mbele. Ukweli ni kwamba ugumu na utulivu ni mambo mawili tofauti, na mbele iliyokazwa kupita kiasi yaweza kuwa hatari kuliko ile iliyolegea.

Kazi mbili ndani ya bomba moja

Shokapu za mbele za pikipiki nyingi zitumikazo kwa biashara ya bodaboda ni mabomba mawili yanayoingiana, moja kila upande wa gurudumu. Mfumo huu wa mabomba yanayodhibitiwa na oili uliingia katika pikipiki za kiwandani mwaka 1935, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki zake za R12 na R17.

Ndani ya kila bomba mna springi na oili, na kila kimoja kina kazi yake. Springi hubeba uzito. Oili hupita katika matundu madogo na kuzuia springi isibonyee wala kurudi kwa kasi mno.

Springi ikikosa msaada wa oili, pikipiki hudunda kama mpira baada ya kila shimo. Oili ikiwa nzito mno, gurudumu huchelewa kurudi chini, na katika njia ya matuta hubaki likirukaruka juu ya udongo badala ya kuushika. Tairi lisiloshika ardhi haliwezi kuongoza wala kusimamisha chombo.

Namna ya kupima

Kabla ya kufungua nati yoyote, yafaa kupima shokapu zinabonyea kiasi gani dereva anapokaa. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Kinahitaji rula, watu wawili na kamba ndogo ya plastiki ya kubania nyaya.

Kamba hiyo hufungwa kwenye bomba linalong'aa la shokapu. Pikipiki huinuliwa hadi gurudumu la mbele liwe hewani, kisha kamba husogezwa mpaka iguse sili ya oili. Baada ya hapo chombo hushushwa polepole, dereva hukaa katika mkao wake wa kawaida huku msaidizi akishikilia, kisha hushuka kwa utaratibu.

Pikipiki ikiinuliwa tena, nafasi iliyopo kati ya kamba na sili ndiyo kiwango cha kubonyea. Kwa matumizi ya kawaida, kiwango kinachofaa ni kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 120, hiyo ni milimita 30 hadi 40.

Ikibonyea zaidi ya hapo, mbele huinama mno wakati wa breki na kubakiwa na nafasi ndogo ya kumeza shimo. Ikibonyea pungufu, gurudumu hushindwa kushuka ndani ya shimo na kuufuata udongo.

Pikipiki nyingi za bei nafuu hazina skrubu ya kurekebishia mbele. Fundi huweka kipande cha bomba la chuma juu ya springi, chini ya kifuniko. Kipande cha milimita 10 hupandisha sehemu ya mbele kwa karibu kiasi hicho hicho. Ieleweke kuwa kipande hicho hakiifanyi springi iwe ngumu zaidi. Hubadilisha tu kimo ambacho springi huanzia kazi.

Kazi hiyo ina hatari yake. Kifuniko cha juu kinasukumwa na springi, na kikifunguliwa uzito wa pikipiki ukiwa juu ya gurudumu la mbele, chaweza kuruka na kumjeruhi fundi. Sharti mbele ya chombo iinuliwe na kuegemezwa vizuri kwanza. Vipande vya pande zote mbili navyo lazima vilingane.

Baridi ya Njombe na oili

Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Njombe huwa na baridi kali, na sehemu nyingine za mkoa huo hupata umande ulioganda. Baridi huifanya oili kuwa nzito. Dereva anayeondoka alfajiri hukuta shokapu zimekuwa ngumu, lakini hulainika kadiri zinavyofanya kazi.

Hali huwa mbaya zaidi pale fundi anapojaza oili ya injini badala ya ile ya shokapu. Oili ya injini iliyo nzito huzidi kuwa nzito kwa baridi, na matundu madogo yaliyokusudiwa oili nyepesi hushindwa kuipitisha kwa wakati. Aina na kiasi cha oili vimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na mabomba yote mawili hupimiwa kiasi sawa kwa chombo chenye alama za mililita.

Kuzidisha oili nako si tiba. Juu ya oili hubaki nafasi ya hewa ambayo husaidia springi. Nafasi hiyo ikipungua mno, shinikizo hupanda kila shokapu inapobonyea, na mwisho wake sili hupasuka. Oili ikimwagika kwenye breki ya mbele, breki hupoteza nguvu.

Upepo wa matairi nao huathiriwa na baridi. Presha hupungua takriban PSI 1 kwa kila nyuzijoto 5 hadi 6 zinazoshuka. Kwa hiyo tairi lililopimwa mchana wa jua huwa limepungukiwa asubuhi inayofuata. Ni vyema kupima asubuhi, kabla ya safari, na kupima upepo kwanza kabla ya kuilaumu shokapu.

Mzigo wa nyuma hupunguza uzito wa mbele

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Abiria hukaa karibu na ekseli ya nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na shokapu za nyuma. Mzigo uliofungwa kwenye keria, nyuma ya ekseli hiyo, hufanya zaidi ya hapo: huinua mbele, kama mtoto anayekalia ncha ya ubao wa bembea.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni meta 1.3, na gunia la kilo 60 limefungwa sentimeta 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gunia hilo huondoa takriban kilo 9 kutoka gurudumu la mbele, na katika mlima hasara huongezeka.

Usukani huwa mwepesi, pikipiki hupanua kona, na katika tope gurudumu la mbele huteleza bila onyo. Dereva anayekaza mbele kwa sababu hiyo huzidi kuinyanyua, na kosa huwa mara mbili.

Tiba iko nyuma. Shokapu nyingi za nyuma zina ngazi za kurekebishia, zinazozungushwa kwa spana maalumu. Mzigo ukiongezeka, ngazi hupandishwa, pande zote kwa usawa, ili chombo kirudi katika kimo chake. Mzigo wenyewe husogezwa mbele na kushushwa chini kadiri inavyowezekana. Kwa "mshikaki" wa abiria wawili au watatu hakuna marekebisho yanayotosha, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Kanuni hiyo si ya bodaboda peke yake. Katika nchi za theluji kama Kanada, ambako kampuni ya Bombardier ilianza kuuza chombo chake cha Ski-Doo mwaka 1959, waendeshaji hukabiliwa na swali lile lile. Chombo hicho hukanyagia theluji kwa mbao mbili za kutelezea mbele na mkanda unaozunguka nyuma. Mbao zikiwa nyepesi mno, hakikati kona. Zikilemewa mno, usukani huchosha mikono. Huko nako mafundi hurekebisha mbele na nyuma kwa pamoja.

Yasiyo ya shokapu

Wakati mwingine shokapu husingiziwa. Beringi za kichwa cha usukani zikilegea, pikipiki hugonga mbele wakati wa breki na usukani hutetema. Fundi huinua gurudumu la mbele, hushika ncha za chini za shokapu na kuzisukuma mbele na nyuma. Mchezo wowote unaosikika ni dalili. Beringi zikikazwa mno nazo huufanya usukani ugande katikati, na chombo huyumba taratibu kama mlevi.

Mabomba ya shokapu yakipita katika vishikio kwa vimo tofauti, au yakiwa yamepinda baada ya ajali, hakuna oili wala springi itakayoirudisha pikipiki katika mstari.

Mtaalamu mwangalifu hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, hujaribu katika kipande kile kile cha barabara kwa mwendo wa polepole, na kuandika alichokifanya. Anayebadilisha oili, upepo na springi kwa siku moja hatajua ni kipi kilichomsaidia au kumharibia.

Kikwazo kikubwa mara nyingi si ufundi bali ni mapatano. Madereva wengi hupeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, ambaye huenda anaishi mjini na hajawahi kupita njia za vijijini. Injini ikizima, wote wawili hupoteza fedha siku hiyo hiyo, kwa hiyo hutengenezwa haraka. Shokapu iliyochoka haisimamishi kazi. Huendelea kuingiza hesabu hadi siku ya breki ya ghafla.

Mwenye chombo anayetenga siku ya kupima shokapu, upepo na beringi, na kukubaliana mapema na dereva nani atalipia oili na sili, hulinda mali yake. Zaidi ya hapo, humlinda dereva na yule aliyeketi nyuma yake, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu hali ya shokapu alipopanda.