Kilua na Jina Lake

Wapenzi wa mashairi ya pwani hawahitaji kuelezwa kikuba ni nini. Ni kishada cha maua na majani ya kunukia, kilichotungwa kwa uzi, ambacho mwanamke hukitia kifuani au nyweleni. Ndani yake hukutana asumini, majani ya mrehani, na kilua. Wengi hudhani kwamba manukato yote ya pwani yaliletwa na pepo za msimu, na dhana hiyo haikuzuka bure. Udi ulitoka Asia. Marashi ya waridi yalitoka Uajemi na Uarabuni. Asumini asili yake ni Asia ya Kusini. Hata karafuu, iliyokuja kuwa mhimili wa uchumi wa Unguja na Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ilipitia mikononi mwa Wafaransa katika Mauritius na Réunion kabla ya kufika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Kilua hakikupanda jahazi. Mkilua ni kichaka, au mti mdogo, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wala haumei wenyewe popote pengine duniani. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi, na ukoo huo hujionyesha katika ua lenyewe: petali nene sita, zilizopangwa tatu nje na tatu ndani.

Ushahidi wa ukale wa kilua umo katika neno. Kiswahili ni lugha iliyodondosha sauti ya l katika maneno yake mengi. Wachewa husema mvula, Waswahili husema mvua. Wao husema njala, huku husemwa njaa. Wao huita maua maluwa. Basi katika neno ua imo l iliyopotea zamani, na katika kilua l hiyo ingalipo. Kilua ni ua dogo, ua la kudekezwa, lililotajwa kwa ulimi wa wahenga na kubaki hivyo kwa sababu waliolitaja hawakuacha kulitumia. Baadaye ki- hiyo ikasahauliwa kuwa ni ya udogo, ukaongezwa m- wa miti, ikawa mkilua: viambishi viwili vimebebana mgongoni.

Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyewahi kufanya kazi miaka mingi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, aliona kwamba kichaka hiki hakiingii katika jenasi yoyote iliyojulikana. Akaunda jenasi mpya. Wataalamu wa zama zake walikuwa na desturi ya kutafuta majina katika Kigiriki na Kilatini, au kuheshimiana kwa kupeana majina yao. Yeye alichukua neno la pwani kama lilivyo, akaandika Mkilua fragrans, yaani mkilua unukiao. Jenasi hiyo ina spishi hiyo moja tu. Katika orodha za mimea za ulimwengu, mk hiyo ya mwanzo, isiyotamkika kirahisi kwa ulimi wa Kizungu, imesimama mpaka leo. Heshima hiyo alistahili, ingawa wenye neno hawakutajwa: wanawake wa pwani, waliokuwa wakiutambua mti huu, wakiupanda na kuuita kwa jina.

Kuhusu upandaji wake maandishi ni haba. Sayyid Said aliamrisha mikarafuu mitatu ipandwe kwa kila mnazi; tufani ya Aprili 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, hasara ikahesabiwa na kuandikwa. Hakuna aliyehesabu mikilua ya nyuma ya nyumba. Ilimu yake ilikaa kwa mabibi, nayo hufuata tabia za msitu ulikotoka. Mkilua huota chini ya miti mirefu, basi hata uani hutaka kivuli cha mwembe au cha ukuta, hasa ungali mchanga. Hutaka udongo usiotuamisha maji, uliotandazwa majani yaliyooza, na kumwagiliwa wakati wa kaskazi. Mbegu hutiwa ardhini zingali mbichi. Ukuaji wake ni wa pole, na apandaye ajue kwamba huenda bintiye ndiye atakayechuma. Majani hayapukutiki yote kwa mpigo, kwa hiyo mti hubaki na ubichi wake mwaka mzima, ua likining'inia kati ya majani kiasi kwamba pua huliona kabla ya jicho.

Misitu ya pwani imebaki vipande vipande, na nyua za miji ya kale zinajengwa vyumba vya kupangisha. Asumini itapatikana daima. Hupandwa nusu ya dunia. Lakini msichana akiambiwa leo na babu yake kwamba ni kilua, aghalabu hulielewa sifa bila kuwahi kulinusa ua, na mshairi kijana hukitia kilua katika kina chake kwa kukiokota katika mashairi ya waliomtangulia. Mabibi wachache wangali wanao mkilua karibu na kisima, na ukibisha hodi kwa adabu, hukuchumia kimoja.